Gari Rahisi na Jasho la Mfanyakazi

Hapana ubaya wowote mwalimu au mtumishi wa serikali kununua gari la otomatiki lililokwisha tumika. Ubaya ni kuitazama bei na kuisahau giaboksi. Giaboksi hiyo ikifa, gharama ya kuitengeneza yaweza kumeza nafuu yote iliyomvuta mnunuzi.

Dalili zake hazijifichi kwa mwenye subira. Gari na likaguliwe injini ikiwa baridi, kwani kuipasha moto mapema huweza kuficha kasoro. Oili ya giaboksi kwa kawaida ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na kunuka kuungua, yaelekea sahani za klachi ndani zimelika. Tena, gia ikitiwa gari likakawia kushika, au injini ikavuma bila mwendo kuongezeka, bei rahisi imekwisha taja sababu yake.

Mfanyakazi aliyekopa atakatwa mshahara kila mwezi, gari liwe barabarani au juu ya mawe. Kwa hiyo hana budi kumlipa fundi wake mwenyewe alikague kwanza. Muuzaji akikataa, na abaki na gari lake.