Mzee na Mtaa Wake



Wapenzi wasomaji, mtoto mwema wa zama hizi ana njia moja mashuhuri ya kumkirimu mzazi wake. Akijaaliwa kazi nzuri na nyumba huko Nyali, Bamburi au Mtwapa, humwendea mama au baba akamwambia, "Taabu zimekwisha, njoo kwangu upumzike." Mzee huhamishwa kutoka Kibokoni, Kuze au Majengo, akapewa chumba chake, kitanda kizuri, panka, televisheni na msichana wa kumpikia. Majirani husema huyo ni mtoto wa kheri, nami nawaitikia amin, kwani nia yake ni njema na malipo yake yako kwa Mola wake.

Lakini baada ya miezi michache mzee huanza kula kidogo. Hulala mchana, maneno yake hupungua, na akiulizwa wapi panapomuuma hana mahali pa kuonyesha. Hupelekwa kwa daktari, ikapimwa presha, ikapimwa sukari, dawa zikaongezwa. Upweke wake haukupimwa na mtu.

Mama mmoja aliyehamishiwa ghorofa ya tatu aliulizwa na wageni wake iwapo anakosa kitu. Akajibu, "Tabu sina, mwanangu. Nilichokosa ni watu." Jawabu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu juma hili.

Hebu tuitazame siku ya mzee katika mtaa aliouzoea. Huamka alfajiri kwenda msikitini, akarudi na wenziwe wakizungumza njiani. Hukaa barazani, muuza kahawa akapita na dele lake, kikombe kidogo kikanywewa kwa habari nyingi. Kila apitaye humwamkia, naye huitikia na kumuuliza hali ya babake. Baada ya alasiri huwekwa bao au karata, na watu humjia kwa haja zao: huyu ataka kujua mpaka wa kiwanja, yule nasaba ya wachumba, mwingine aombewe suluhu na mkewe. Bibi naye ana darsa yake ya kina mama, upatu wake, hitima za kuhudhuria, na arusi ambazo bila yeye hakuna ajuaye kipimo cha mchele. Hayo yote hayaandikwi katika orodha ya vitu vya kuhamishwa, na gari la mizigo haliwezi kuyabeba. Wahenga walisema mtu ni watu. Anayemwondoa mzee kwa watu wake amemwondolea sehemu ya nafsi yake, hata kama amempa kitanda bora.

Jambo hili hata wafanyabiashara wa mbali walilitambua. Tarehe 1 Januari 1960, mjenzi wa Kimarekani aitwaye Del Webb alifungua mji wa wastaafu uitwao Sun City, katika jangwa la Arizona. Kabla ya kuziuza nyumba, alijenga kwanza uwanja wa gofu, kituo cha burudani na maduka. Alifahamu kwamba mstaafu hatafuti kuta na paa peke yake, bali atafuta pa kwenda asubuhi na wa kumngoja huko. Watu walimiminika kwa maelfu, na hadi leo wakaazi wa mji huo wana vilabu vyao vya ufinyanzi, ushonaji, kuogelea na michezo ya karata. Hata hivyo mji ule una upungufu ambao sisi hatuwezi kuuridhia. Umewekewa watu waliofikia miaka 55, na watoto wadogo hawaruhusiwi kuishi humo. Mzee amepata hirimu zake, akakosa wajukuu wa kuwafunza.

Mababu zetu hawakuhitaji kwenda jangwani. Tazama nyumba za mawe za Lamu: mbele ya mlango pana daka, na ndani ya daka pana baraza mbili za kukalia. Jirani amewekewa kiti kabla hujafika ukumbini. Mzee akikaa hapo yuko nyumbani kwake na yuko na watu, wakubwa kwa wadogo, bila ya kulipa ada. Nyumba zetu za leo zina lango, bawabu na ngazi nyingi, ila daka hazina.

Sote tunajua namna Qur'ani ilivyotukataza hata kuwagunia wazazi wetu wafikapo uzeeni. Tukumbuke pia kisa cha mwaka wa 8 Hijria, Makka ilipofunguliwa. Sayyidna Abubakar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alimleta babake, Abu Quhafa, mbele ya Mtume (s.a.w.). Alikuwa mkongwe sana, haoni tena, nywele zake nyeupe. Mtume alipomwona alimuuliza Abubakar kwa nini hakumwacha mzee nyumbani, ili yeye Mtume amwendee huko. Siku ile ya ushindi mkubwa, katikati ya shughuli zote zile, aliona kwamba haki ya mzee ni kuendewa alipo. Sisi hatuna shughuli zinazofika hizo, na bado twaona uzito kuvuka daraja la Nyali kwenda kumwamkia mzee.

Najua yuko atakayesema, "Sheikh, ngazi za nyumba ya zamani zimechakaa, mama aanguka, nami niko kazini kutwa." Udhuru huo ni wa haki. Wako wazee ambao ni lazima wahamishwe, na kuwaacha peke yao ni kuwapuuza. Kwa hivyo nasaha zangu ni hizi.

Kwanza, mzee aulizwe. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 57, imempa mtu wa miaka 60 na zaidi haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima, pamoja na kupata matunzo ya jamaa zake na ya serikali. Na kabla ya Katiba, shura ni mwendo wa dini yetu. Kumpangia mtu mzima maisha yake bila ya kumshauri si ukarimu.

Pili, ikiwa aweza kubaki, zile fedha za kumhamisha zitengeneze ngazi, choo na taa, na zimlipe jamaa wa kulala naye.

Tatu, ikiwa hapana budi kuhama, basi msiikate kamba. Nauli ya tuktuk ihesabiwe pamoja na dawa. Baba arudishwe Ijumaa kuswali katika msikiti wake, na mama apelekwe siku ya upatu na siku ya darsa. Huko ugenini atafutiwe nyumba ya chini, ajulishwe kwa imamu na kwa majirani, na awekewe kiti nje ya lango panapopita watu.

Nne, apewe kazi. Neno "pumzika" likikaririwa sana humwambia mzee kwamba hana haja tena. Mwacheni awasomeshe wajukuu juzuu ya amma, achague mchele, asuluhishe ugomvi. Penye wazee haliharibiki neno, lakini ni sharti wawepo penye neno lenyewe.

Tano, nayo ni kwetu maimamu na kamati za misikiti. Alipofariki mtu aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume na watu wakamzika bila ya kumwarifu, Mtume (s.a.w.) aliulizia habari zake, akawalaumu, kisha akaenda kumswalia kaburini. Basi na tuwe na mtu wa kuangalia safu: nani hakuonekana juma hili, na nani ataenda kumbishia hodi.

Fedha iitwayo Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, humfaa mzee kwa unga na sabuni. Wa kuzungumza naye hanunuliki kwa fedha hizo, wala kwa mara kumi yake. Huyo ni mimi na wewe, nasi twahitajika leo, angali yu hai, kabla ya kuitwa kwenye mazishi na kujaa barazani kwake tukimsifu.

Mola awape wazee wetu umri wenye afya na wenzi wema, nasi atujaalie tuwe miongoni mwa wanaowaendea. Amin.

Wabillahi tawfiq.