Kisu cha kukunja: Kiungo kwanza, makali baadaye

MNUNUZI wa kisu cha kukunja anapofika kwenye meza ya mchuuzi Kiwalani hukifungua, hupitisha kidole gumba kwenye makali, na yakikwaruza vizuri hutoa pesa. Mchuuzi naye analijua hilo, hivyo hunoa. Kwa kipimo hicho visu vyote vilivyopo mezani ni imara siku ya kwanza.

Makali si kipimo cha uimara. Yakipotea hurudishwa kwa kinoo katika muda wa kunywa chai. Kiungo, yaani pale bapa linapokutana na mpini, kikishalegea hakirudi chenyewe, na hapo ndipo kisu cha kukunja kinapofia. Kisu kisichokunjwa hakina udhaifu huo, ndiyo maana mchinjaji wa Vingunguti, jirani na Kiwalani, hana sababu ya kununua cha kukunja hata akisifiwa vipi. Cha kukunja ni cha mtu anayetembea na kazi yake: fundi makochi anayekata sponji, kuli anayefungua marobota ya mitumba, fundi bomba, utingo wa lori anayekata kamba za turubai kando ya Barabara ya Nyerere.

Kwa watu hao kiungo kibovu si suala la kero tu. Kisu kisicho na komeo kikisukumwa kwa nguvu kwenye robota, bapa hujikunja na kurudi juu ya vidole vya aliyekishika. Mshipa wa kidole ukikatika, fundi anakaa nyumbani wiki kadhaa, na fundi wa kujitegemea akikaa nyumbani hakuna anayemlipa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015, ni wa wafanyakazi ambao waajiri wao wanauchangia. Fundi wa kijiweni hayumo.

Hivyo mnunuzi aanze na komeo. Visu vingi vya bei ya chini vina ulimi mwembamba wa bati ndani ya mpini, unaojisukuma nyuma ya bapa kisu kinapofunguka. Ulimi ukiwa mnene na ukikaa sawasawa ni komeo zuri. Ukiwa mwembamba kama mfuniko wa kopo, huteleza. Kuna komeo la mgongoni, ambalo ni zito na la kuaminika zaidi kwa kazi ngumu. Wafaransa wa Opinel, waliotengeneza visu tangu mwaka 1890, waliongeza mwaka 1955 pete ya chuma inayozungushwa kuzuia bapa. Ni kitu rahisi kabisa na hakina cha kuharibika, ingawa mpini wake wa mti hunyonya unyevu na kuvimba, na kwa hewa ya Dar es Salaam hilo si jambo dogo.

Kupima hakuhitaji utaalamu. Kisu kifunguliwe, bapa lishikwe na kutikiswa kulia na kushoto. Likicheza kabla halijafanya kazi hata siku moja, kirudishwe mezani. Kisha mgongo wa bapa ukandamizwe kwenye ubao wa meza, vidole vikiwa mbali na njia ya makali, kuona kama komeo litaachia. Mwisho kitazamwe kilichoshika kiungo. Skrubu hukazwa na mnunuzi mwenyewe. Ribiti nene hugongwa na mhunzi yeyote ikakaza. Ribiti nyembamba iliyo tupu katikati ni ya kutupa pamoja na kisu chake. Mchuuzi anayekataza majaribio haya amekwisha kujibu swali.

Kuhusu chuma, walaji wengi wametekwa na maneno ya Kiingereza yaliyopigwa mhuri kwenye bapa kwamba halishiki kutu. Halishiki kutu, kweli, lakini chuma cha namna hiyo kilicho rahisi huwa na kaboni kidogo, na makali yake hulala upesi kikikutana na kamba na mikanda ya plastiki. Chuma cha kaboni hushika kutu kikiachwa na maji au utomvu wa embe, ila kinanoleka kwa jiwe la kawaida na makali yanakaa. Kukipangusa na kukipaka tone la mafuta jioni ni gharama ndogo. Kadhalika msalaba mweupe kwenye mpini mwekundu si ushahidi kuwa kisu kimetoka Uswisi, na vifaa kumi na viwili katika mpini mmoja ni ribiti zilezile kubebeshwa mzigo zaidi. Tume ya Ushindani (FCC) inaweza kukamata kisu kinachoiga alama ya mwenye mali. Kisu hafifu kisichoiga jina la mtu si bandia, ni kibovu tu, na hapo mnunuzi anajilinda mwenyewe.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano, si bei ya duka lolote: kisu cha Sh. 4,000 kinacholegea baada ya siku 40 za kazi kinamgharimu fundi Sh. 100 kwa siku. Cha Sh. 30,000 kinachodumu siku 600 kinamgharimu Sh. 50. Aliye maskini ndiye anayelipa mara mbili, kwa sababu hana Sh. 30,000 kwa mpigo. Wenye maduka ya vifaa wanaopokea mzigo kwa mali kauli kutoka kwa mawakala wa Kariakoo wanajua vema maana ya kulipa kidogo kidogo. Hakuna sababu ya msingi ya kumnyima fundi wanayemfahamu nafuu ileile. Kwa upande mwingine, bei kubwa peke yake haithibitishi kitu kwa mtu wa kazi. Marekani kuna kisu cha kukunja kiitwacho Sebenza, kilichobuniwa na Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini, kinachouzwa kwa zaidi ya dola 400. Jina hilo ni la Kizulu, maana yake kufanya kazi. Fundi wa Kiwalani atauza vifaa vyake vyote ndipo akinunue.

Mfano unaomfaa ni mwingine. Mwaka 1902 Wajerumani walianza kutengeneza kisu cha kukunja kiitwacho Okapi kwa ajili ya kuuza katika makoloni yao ya Afrika, wakati ambapo Tanganyika ilikuwa mojawapo. Jina ni la mnyama wa misitu ya Ituri, Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamempa jina lao la kitaalamu mwaka mmoja tu kabla. Kisu chenyewe hakina maajabu: bapa la chuma cha kaboni, mpini wa mti, ribiti, na katika baadhi ya aina komeo lenye pete ya kulivuta. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Bidhaa iliyobuniwa Ulaya kwa mfuko wa Mwafrika imeishia kuwa bidhaa ya kiwanda cha Afrika, na bado ni ya bei ya mtu wa kawaida.

Uswisi nayo ilianza hivyohivyo. Visu vya kwanza vya askari wake, mwaka 1891, vilitoka Solingen, Ujerumani, kwa kuwa mafundi wa nyumbani hawakuwa na uwezo wa kutengeneza idadi ile. Karl Elsener akawakusanya mafundi wenzake, na kazi ikahamia kwao.

Tanzania haikosi chuma cha kuanzia. Wahunzi hufua mapanga na visu kutokana na springi chakavu za magari, na chuma cha springi kina kaboni ya kiasi cha asilimia 0.6, jirani kabisa na kile kinachofaa kisu cha aina ya Okapi. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifua majembe na mapanga Dar es Salaam kabla ya kushindwa na ushindani. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ina eneo lake la viwanda vidogo Vingunguti, mwendo mfupi kutoka Kiwalani. Kigumu ni kupasha chuma kwa joto moja kila mara, kukizimisha kwenye mafuta na kukipasha tena kwa joto la chini ili kisivunjike, pamoja na kutoboa matundu ya kiungo kwa kipimo kimoja katika visu mia, si katika kimoja. Kazi hiyo inataka tanuru lenye kipimajoto na mashine ya kutobolea iliyofungwa imara, vitu ambavyo wahunzi watano wakichanga wanaweza kuvikopea, mradi wenye maduka waahidi kwa maandishi kuchukua mzigo wa kwanza.