Moyo Ukisimama Kazini, Hospitali Iko Mbali

Ndugu wafanyakazi, tunapokaa mezani na waajiri tunadai mishahara, nyumba na likizo, na ni haki yetu kudai. Lakini mwenzetu akianguka ghafla penye mashine au katikati ya mkonge, moyo umesimama, ni nani pale aliyefundishwa la kufanya?

Yanayofuata tunayajua. Huyu anamwagia maji, yule anampepea, nyapara anatafuta lori. Moyo ukisimama damu haifiki kichwani, na baada ya dakika 4 hivi ubongo huanza kuharibika. Hospitalini daktari anaweza kuushtua moyo kwa umeme, kutoa oksijeni na kuchoma sindano ya adrenalini. Hayo yote ni mema, lakini kwa mtu aliyekaa nusu saa bila kukandamizwa kifua, ni mara chache sana yatamfaa.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya madaktari. Njia ya kukandamiza kifua ilitangazwa mwaka 1960 na William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Kouwenhoven alikuwa mhandisi wa umeme. Uchunguzi wake ulianzia kwenye vifo vya mafundi wa nyaya waliokuwa wakiuawa na umeme kazini. Elimu hii basi ilitokana na vifo vya wafanyakazi, na leo wahudumu wa ndege wanafundishwa, mkata mkonge hajaisikia!

Kama ni umeme, kata swichi kwanza, usimguse kabla. Akiwa hajitambui na hapumui, au anakoroma kwa vipindi kama anayekata roho (hiyo si pumzi, msidanganyike), mlaze chali mahali pagumu. Weka viganja katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, ukandamize kwa nguvu kifua kishuke sentimeta 5 au zaidi kidogo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiacha kirudi juu kila mara. Mikono huchoka upesi, mpokezane kila dakika 2, na mwingine aite gari. Ubavu ukivunjika msiache, ubavu huunga.

Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, kifungu cha 18, unadai mwajiri aweke mipango ya ajali na dharura, pamoja na huduma ya kwanza ya kutosha. Kifungu cha 21 chasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 Shirika hilo liliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba sanduku la bendeji na spiriti linatosha, nalo mara nyingi lina kufuli, na ufunguo anao karani aliyekwenda mjini.

Katika mkataba wa hali bora ujao yaandikwe haya: kila zamu na kila kikosi cha shambani kiwe na watu waliofunzwa, saa za mafunzo zilipwe kama kazi, mazoezi yarudiwe kila mwaka, gari na dereva wawepo saa zote. Viwanda vikubwa vinunue mashine ya kushtua moyo. Za siku hizi humwelekeza mtumiaji kwa sauti. Matawi yanayofungua mazungumzo yaanze na zamu ya usiku, maana saa hizo muuguzi na dereva wamekwisha kwenda nyumbani.