Soko la nyumba Kigali: hati ni safi, je, kuta zimekaguliwa?

Mwekezaji mdogo anayetafuta nyumba yake ya kwanza ya kupangisha mjini Kigali kwa kawaida huanzia kwa komisiyoneri, dalali wa mtaani anayejua nani anauza na kwa bei gani. Huduma yake ina thamani, lakini ina mpaka: yeye hulipwa biashara ikikamilika, hivyo si mtu wa kuulizwa iwapo biashara yenyewe inafaa.

Kwa upande wa nyaraka, Rwanda imepiga hatua kubwa. Kati ya 2009 na 2013 serikali iliendesha usajili wa ardhi nchi nzima, na viwanja zaidi ya milioni 10 vikaainishwa. Kila kiwanja kina namba yake ya utambulisho, maarufu kwa jina la UPI, na tangu 2023 hati hutolewa kwa njia ya kielektroniki kupitia jukwaa la Irembo. Kumjua mmiliki halali, swali ambalo katika miji mingi ya Afrika Mashariki huzua kesi zisizokwisha, hapa ni kazi ya muda mfupi.

Hata hivyo, hati haisemi iwapo nyumba iliyo juu ya kiwanja imejengwa sawasawa. Hilo lilidhihirika Aprili 2023, wakati ubovu wa nyumba za mtaa wa Urukundo huko Kinyinya, wilayani Gasabo, ulipogeuka suala la kitaifa. Baadhi zilikuwa zimebomoka. Mjenzi na waliokuwa maafisa wa wilaya wakakamatwa. Waliokuwa wamelipa akiba zao walibaki na kuta zenye nyufa.

Jambo la pili ni Mpango Mkuu wa Jiji uliopitishwa 2020, ambao unaitazama Kigali hadi mwaka 2050. Ndio unaoamua kama eneo ni la nyumba za kawaida, la ghorofa au la biashara. Kiwanja cha bei nafuu kinachopakana na bonde la maji kinaweza kuwa ndani ya ardhi oevu, ambako jiji limekuwa likiwahamisha wakazi na kubomoa majengo.

Ndiyo maana wataalamu wanne wanafaa kutangulia malipo. Mpima ardhi huhakiki mipaka. Mhandisi hukagua jengo. Mthamini, ambaye taaluma yake inasimamiwa kwa sheria ya 2010 na ana chama cha kitaaluma kinachomwajibisha, hukadiria bei. Noteri wa ardhi huthibitisha kwamba wauzaji ndio wenye haki na kwamba wameridhia. Tofauti yao na komisiyoneri ni kwamba malipo yao hayategemei mnunuzi kukubali. Ada zao huonekana nzito kwa mwenye mtaji mdogo, lakini ndiye hasa asiyeweza kununua mara mbili.

Hesabu ya faida nayo ihusishe kodi. Nyumba moja ambayo mmiliki anaishi husamehewa kodi ya jengo. Ya pili, ile ya kupangisha, hutozwa, na mapato ya pango yana kodi yake kando.

Kwa familia za Waswahili wa Nyamirambo na Biryogo, mitaa ambayo jamii hiyo imeikalia tangu enzi za ukoloni wa Kibelgiji, suala hili lina sura nyingine. Wengi wao hawaanzi kwa kununua, bali kwa nyumba ya urithi yenye vyumba vya kupangisha. Sheria huwapa watoto wa kike na wa kiume haki sawa ya kurithi, na hutambua ndoa iliyofungwa mbele ya serikali pekee. Mke aliyeolewa kwa nikahi tu anaweza kuishi katika nyumba kwa miaka mingi bila jina lake kuwemo katika hati, na bila ridhaa yake kuhitajika nyumba ikiuzwa.

Kwa familia hizo, hatua ya kwanza ya uwekezaji haipo kwa dalali. Ipo katika ofisi ya ardhi ya sekta: kuhakikisha kwamba warithi wote wameandikwa, na ndoa imesajiliwa, kabla mnunuzi hajabisha hodi akiwa na bei nzuri.