Msimnyang'anye Mama jembe, mzungushieni mpini

Huku Wolverhampton baridi bado haijatuonea huruma. Leo nina neno na ndugu zangu wa Kilosa, wengine mnaruhusiwa kusikiliza.

Nimesoma yote mliyoandika kwenye kundi la familia kuhusu mikono ya Mama. Kwamba ana miaka 68, vidole vinamuuma, basi jembe lifichwe na mimi niongeze hela ya vibarua. Hela nitatuma, hilo halina mjadala. Lakini kumfichia jembe nakataa. Shamba ndilo linalomtoa kitandani, ndilo linalomkutanisha na wenzake, na mwenyewe hajasema amechoka kulima. Amesema mkono unauma. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Huku wodini tunao wazee wengi wenye baridi yabisi. Mzee akishindwa kushika kijiko hatukimbilii kumlisha. Wapo wataalamu ambao kazi yao ni kumrudisha mtu kwenye shughuli zake, na jambo la kwanza wanalofanya mara nyingi ni kuvalisha kijiko kipande cha sponji chenye tundu katikati. Mpini unanenepa, basi. Siku ya kwanza kuona nilicheka, nikidhani ni mchezo wa watoto. Kumbe kitu chembamba kinakulazimisha ukunje vidole mpaka mwisho na kukibana kwa nguvu. Kikinenepa kiasi na kisipoteleza, unakishika bila kukikaba, na viungo vinapumzika.

Sasa angalieni mpini wa jembe la Mama. Umetumika miaka mingi, umelika na kuwa laini kama kioo. Akitoka jasho unateleza, akiteleza anakaba zaidi, akikaba vidole vinavimba. Mpini wa panga ndio hatari kabisa, maana mkono ukiteleza mbele unakutana na makali. Majeraha ya namna hiyo nimeyashona sana nilipokuwa nyumbani, na kidole kikikatika mshipa wa kukikunja hakirudi kirahisi.

Dawa iko kwa fundi baiskeli. Ombeni tyubu kuukuu, kateni kwa urefu mpate utepe wa upana wa vidole viwili. Oshe kwa sabuni, ikauke. Kabla ya kuzungusha, Mama mwenyewe alime hatua chache, kisha mtie alama ya mkaa pale mikono yake inapokaa. Hapo ndipo pa kuzungushia, si mpini mzima. Vuteni utepe ukaze, kila mzunguko ulalie nusu ya uliotangulia, na ncha ya mwisho ichomekwe chini ya mzunguko wake kama mnavyofunga mzigo kwenye kerea. Msipige msumari, utamchoma.

Unene usizidi. Akishika, ncha za vidole zikaribie kugusa dole gumba. Kwa mikono ya watu wengi ni kama sentimita 3 hadi 4 na nusu. Mnene mno unachosha vilevile.

Najua mtu atasema kitambaa kinatosha. Kitambaa kinanyonya jasho, kinalowa, kinasogea na kuleta malengelenge. Mifuko ya nailoni ndiyo msiilete kabisa, inateleza kuliko mti wenyewe. Kwenye shoka, mkono mmoja hupanda na kushuka kwenye mpini, kwa hiyo hapo acheni mti mtupu, zungushieni chini tu.

Na mpini wenye ufa msiuzungushie. Mpira utauficha ufa, jembe litachomoka siku moja limpate mtu mguuni. Nunueni mpini mpya, hiyo hela naitoa mimi. Hata mzima, msimu ukiisha fungueni muukague, maana maji hukaa chini ya mpira na mti huoza kimyakimya.

Haya yote hayaponyi baridi yabisi. Kama vidole vyake asubuhi vinakakamaa zaidi ya nusu saa, au vimevimba na kuwa vya moto, apelekwe hospitali apimwe, asiishie kuchua na mafuta.

(Kwa taarifa yenu, mji huu ndiko yalikotengenezwa majembe ya Chillington yenye alama ya mamba. Nimekuja kuishi kwa wenye jembe, na bado nawafundisha kulishika!)

Mdogo wangu wa mwisho, kazi hii ni yako kabla masika haijachanganya. Ukimaliza, mpe alime tuta moja, umuulize yeye na si shangazi, kisha nipigie jioni. Zamu yangu ya usiku inaanza saa mbili ya huku.