Kijana, Msitu Haubebwi kwa Kiroba: Mimea ya Kivuli Inazalishwa, Haichimbwi

Leo nyanya na pilipili hoho naziweka pembeni kidogo. Nataka tuongee kuhusu mimea ya kivuli, ile ya kudumu inayopandwa chini ya miti kwenye bustani za hoteli, nyumba za wageni na majumba ya watu wa mjini. Kuna hela huko, sibishi. Ila namna wengi wetu tunavyoitafuta hela hiyo mimi siikubali, na leo naisema wazi.

Wiki tatu zilizopita kijana mmoja alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. "Shikamoo bwana shamba, nina mzigo hapa unanyauka, naomba uje uuangalie." Nikawasha pikipiki. Nilipofika nikakuta viroba vinne mbele ya nyumba, vimejaa makangaga, begonia za porini na mimea midogo yenye majani ya manyoya na maua ya zambarau. Yote imeng'olewa na mizizi yake, udongo mweusi wa msituni bado umeshika. Alikuwa na oda ya miche mia mbili kutoka kwa fundi bustani mmoja wa huko pwani, shilingi elfu tatu kila mche. Laki sita kwa siku mbili za kuchimba! Nani asingeenda?

Tukaimwagilia, tukaifunika kwa magunia mabichi, tukafanya kila tulichoweza. Mteja alipokuja siku ya nne alichagua sitini na kitu, akalipa nusu, nusu nyingine mpaka leo iko njiani. Iliyobaki imekuwa mboji.

Kabla hujamcheka, ngoja nikuambie na langu. Nikiwa ndiyo kwanza nimeajiriwa, diploma bado inanukia wino, nilikuwa nasimamia kikundi cha vijana chenye kitalu. Wakaniuliza makangaga ya kuuza tutayapata wapi. Nikawajibu kwa kujiamini kabisa: "Si yako msituni kule? Yamejaa, hayana mwenyewe." Wakaenda, wakachimba, tukapeleka kwenye nyumba moja mpya iliyokuwa haina hata mti mmoja. Jua la Januari likayamaliza ndani ya mwezi. Kikundi kikarudisha hela ya watu, na sehemu ya hela hiyo ilitoka mfukoni kwangu. Kwa hiyo ninapoongea hapa, naongea kama mtu aliyewahi kutoa ushauri mbovu.

Sasa tuje kwenye kale kamea ka zambarau, maana ndiko kanakonikera zaidi. Jina lake la kitaalamu la siku nyingi ni Saintpaulia. Porini kanapatikana Tanzania na Kenya tu, duniani kote hakuna pengine. Kanapenda miamba yenye unyevu, chini ya kivuli kizito, na aina nyingine zinajulikana kuwepo kwenye kilima kimoja tu. Kule Taita, kwa mfano, kuna aina ambayo makazi yake ni msitu wa Mbololo peke yake. Ukijaza kiroba sehemu kama hiyo, huenda umebeba sehemu kubwa ya uzao wote.

Na historia yake inauma kidogo. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mmea huu kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina la huyo bwana. Miaka ya 1920 kitalu kimoja Los Angeles kikaotesha mbegu zake, kikachagua aina kumi nzuri na kuanza kuziuza, na kuanzia hapo ukawa moja ya maua ya ndani yanayojulikana zaidi duniani. Wajerumani mpaka leo wanauita Usambaraveilchen, jina la milima yetu. Jina limebaki kwetu, biashara ikaenda kwao.

Lakini angalia jambo moja. Wale watu hawakujenga biashara yao kwa kurudi Usambara kila mwaka na viroba. Walianza na mbegu chache, kisha wakazidisha kwenye vitalu vyao, hasa kwa majani. Jani moja. Hicho ndicho ninachotaka ukifanye wewe.

Tafuta mmea mama kutoka kwa mtu anayeuotesha, hata wa sebuleni kwa shangazi yako. Chagua jani lililokomaa lakini lisiwe la zamani sana, likate na kikonyo chake cha sentimita 3 hadi 4, mkato uwe wa mshazari. Chomeka kwenye mchanga safi uliochanganywa na kumbi za nazi zilizosagwa na kulowekwa chumvi ikatoka. Funika kwa nailoni angavu ili unyevu usipotee, weka mahali penye mwanga lakini jua lisipige moja kwa moja. Baada ya miezi miwili hivi utaona vichipukizi vinatokeza chini ya kikonyo. Vikiwa na majani ya ukubwa wa sarafu, vitenganishe, kila kimoja kwenye kiriba chake. Jani moja linaweza kukupa miche mitatu hadi mitano. Maua utayaona baada ya miezi sita mpaka tisa tangu ulipochomeka jani. Mwagilia chini, usimwagie majani maji ya baridi, yataota mabaka na mteja atadhani ni ugonjwa.

Miezi tisa ni mingi, najua. Lakini mwaka wa pili una mimea mama mia, na hesabu ya mimea mama mia ifanye mwenyewe.

Makangaga nayo siyo yote ya namna moja. Yale yanayotambaa hutoa vikonyo virefu vinavyotengeneza mche mpya pembeni. Unagawa tu, hata mtoto anaweza. Lakini lile kangaga kubwa la kiota, linalokaa juu ya mti kama bakuli, hulipati kwa kugawa. Linatoka kwenye vile vidoa vya kahawia chini ya jani. Kausha jani kwenye bahasha, ungaunga utadondoka, unyunyize juu ya udongo uliouua vijidudu kwa maji ya moto, kisha funika na usubiri. Mwanzo utaona kitu kama ukungu wa kijani, usikitupe! Ndiyo mtoto huyo. Ni kazi ya miezi mingi, na ndiyo maana bei yake iwe juu. Anayechimba moja msituni na kuliuza elfu tatu anaiba mara mbili: anauibia msitu, na anakuibia wewe uliyelea mche mwaka mzima.

Kuna mmea mwingine unaonichekesha kwa uchungu. Yale majani manene yanayong'aa, unayaona kwenye mapokezi ya benki na ofisi za mawakili, wanauita zizi. Zamioculcas. Watu wanadhani umetoka Ulaya. Asili yake ni Afrika Mashariki na Kusini, Zanzibar ikiwemo. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, na sasa wapo wenzetu wanaununua ghali kama mgeni. Nao unaota kwa jani, ila ni mvivu, unaweza kukaa miezi mingi ndipo utoe kitunguu chake chini. Vaa glovu ukikata, utomvu wake unawasha.

Kuhusu kivuli chenyewe nitasema kifupi. Neti ya asilimia 70 inatosha kwa mingi ya mimea hii. Huna neti, makuti yanafaa. Na hili la udongo lazima nilikiri: sisi maafisa ugani wenyewe kwenye mafunzo huwa tunaandika "udongo wa msituni" kwenye mchanganyiko wa viriba. Mimi nimeacha. Mboji ya majani iliyooza vizuri, mchanga na pumba za mpunga zilizochomwa vinafanya kazi ileile, na kwa mimea ya kivuli vinapitisha maji vizuri zaidi.

Sheria nayo ipo. Kwa Tanzania, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kwa anayetoa mazao ya misitu kwenye msitu wa hifadhi, na mmea wenye maua ni zao la msitu kama lilivyo gogo. Orkidi ndiyo usiguse kabisa: familia yake nzima imo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo kuuza nje bila karatasi ni kujitafutia kesi. Waliochimba viazi vya orkidi Nyanda za Juu Kusini kupeleka Zambia kwa ajili ya chikanda wanajua ilivyokuwa: kila mwaka unatembea mbali zaidi, unapata vidogo zaidi.

Hapo sasa nina ugomvi na baadhi ya wenzangu kazini. Wao wakifika kijijini ni "marufuku, marufuku", halafu wanaondoka. Kijana anabaki na njaa yake na msitu ukiwa mlangoni. Unategemea nini? Angalia iliki Usambara Mashariki. Ni mmea wa kivuli wa kudumu, umesomesha watoto wengi, lakini ulipolimwa ndani ya msitu wa asili ilibidi vichaka na miche ya miti vifyekwe, na mti mkubwa ukianguka hakuna mdogo wa kushika nafasi. Jibu lake siyo kumwambia mkulima aache iliki. Ni iliki hiyohiyo chini ya miti aliyoipanda mwenyewe, shambani kwake, pilipili manga ikipanda juu ya shina. Kwa maua hesabu ni hiyohiyo.

Na ninyi mafundi bustani mnaosoma hapa, maana najua mpo, swali moja tu mkiletewa mzigo: umeuotesha wapi? Mche wa kitaluni una mizizi iliyojaa kiriba chake. Wa kuchimbwa una mizizi iliyokatika na udongo wa rangi nyingine. Hamuwezi kusema hamkujua.

Yule kijana wa viroba vinne tuliokota majani mazima kwenye lundo lile kabla halijaoza. Mia moja na arobaini tukayachomeka kwenye trei za mayai zilizotobolewa, chini ya makuti nyuma ya jiko la mama yake. Juzi nimepita, mia moja na kumi na mbili yameshika. Fundi bustani wake amepiga tena anataka mia mbili kwa Ijumaa. Dogo amemjibu arudi mwakani, na bei ni elfu tano.