Ruzuku isiwe malipo ya kukamata wageni mpakani

SERIKALI Kuu ya Marekani ilianza Oktoba 2025 kuzirudishia polisi za majimbo na kaunti gharama za mishahara ya askari wanaosaidia kuwasaka wahamiaji haramu. Ushirikiano huo unatokana na kifungu cha 287(g) kilichoongezwa katika sheria ya uhamiaji ya nchi hiyo mwaka 1996. Jipya ni fedha, yakiwamo malipo ya ziada kwa kuzingatia ufanisi.

Kwa msomaji wa Sumbawanga jambo hilo laweza kuonekana la mbali. Tanzania Bara ina Jeshi moja la Polisi, nalo pamoja na Idara ya Uhamiaji viko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Halmashauri haina polisi wake wa kushawishiwa kwa ruzuku.

Hata hivyo, kazi ya kumtambua mgeni huanzia kijijini. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji ndio wanaoulizwa nani mkazi na nani mpita njia.

Mkoani Rukwa swali hilo si jepesi. Wamambwe na Walungu wanaishi wilayani Kalambo na pia Mbala, Zambia, wakitenganishwa na mpaka ambao Wajerumani na Waingereza walikubaliana mwaka 1890. Upande wa magharibi, Ziwa Tanganyika linawaunganisha wavuvi wa Kirando na Kasanga na wenzao wa Kongo. Hapo lugha, jina au sura ya mtu si ushahidi wa uraia.

Taifa limekwisha kuonja matokeo ya haraka. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyoendeshwa Kagera, Kigoma na Geita, iliacha malalamiko kwamba watu walioishi nchini miaka mingi waliondolewa bila kupewa nafasi ya kutosha ya kujieleza.

Tujiulize basi: ingekuwaje iwapo ruzuku ingefungwa na idadi ya waliokamatwa? Utaratibu wa ruzuku ya maendeleo ulioanza mwaka 2004/05 ulizipima halmashauri kwa vigezo kama usimamizi wa fedha na mipango. Ulionyesha kwamba halmashauri hufuata kile kinachopimwa. Kikipimwa kichwa cha mgeni, vichwa vitatafutwa, na wa kwanza kupatikana atakuwa mnyonge asiye na cheti cha kuzaliwa.

Ni kweli kwamba maofisa wa Uhamiaji hawawezi kulinda peke yao kila njia ya panya kuanzia Kasesya hadi ziwani. Kijiji lazima kisaidie, na msaada huo una gharama. Lakini fedha zielekezwe kwenye rejesta sahihi ya wakazi, usajili wa vizazi, mafunzo ya watendaji na nauli ya kufuatilia taarifa.

Serikali ilipie ukweli wa taarifa, si wingi wa waliokamatwa. Kosa la kumwita raia mgeni ni rahisi kulitenda, lakini kulirekebisha humgharimu mhusika shamba, nyumba na heshima yake.